Uji Chapwa wa Siwatu

Ijumaa, Mfungo Pili. Jua limewaka tangu alfajiri. Wingu moja lilipita upande wa Kibiti, tukalitolea macho, likaenda zake. Hapa Mtawanya ni vumbi tupu.

Nimechoka.

Nisiseme uongo, leo hata kuandika sikuwa na hamu. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akanifundisha herufi pamoja na wavulana wake, na tangu hapo mkono wangu ukikaa bure huniwasha. Lakini leo naandika kwa sababu nina neno ambalo siwezi kumwambia mtu.

Siwatu hataki kula. Mwanangu wa kwanza huyu, meno mawili ya chini keshaota, anakaa bila kushikwa, na kitu pekee anachokubali kiingie kinywani mwake ni ziwa langu. Nalo linakauka. Tangu niliposhikwa na homa, la kushoto halitoi kitu, la kulia linatoa kidogo asubuhi, basi. Anavuta weee, halafu ananing'ata kwa hasira. Nikimwogesha naona mbavu zote. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nilikuwa nikiusikia msemo huo nikidhani ni maneno ya bibi zetu ya kujitukuza.

Nimejaribu yote. Uji mwepesi wa mtama, uji mzito, uji wa tui. Nimemtafunia boga nikamtilia kinywani kama ndege na kinda lake. Anatema. Tena anatema kwa ufundi, wallahi, shavu moja kwanza halafu la pili, na nguo yangu imekakamaa kwa uji. Jana mama mkwe alisema namdekeza, akamlaza mapajani, akamkinga kiganja kidevuni, akambana pua ili ameze. Mtoto akapaliwa, macho yakageuka. Nikampokonya.

"Haya, mlee wewe," akasema. Hatukusemeshana mpaka adhuhuri.

Simlaumu. Moyo wake haupo hapa. Uko milimani Umatumbi aliko mwanawe, baba Siwatu, na wenzake wanaopigana na Mdachi.

Ilipoletwa ile dawa, yale maji, baba Siwatu alikuwa wa mbele kuinywa. Waliambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Mimi binti wa mwalimu nilinyamaza, lakini mtu aliyelimishwa pamba ya watu kwa viboko huwa hana haja ya kubembelezwa aamini. Nasi wanawake tuliobaki tukapewa miiko yetu: tusisuke nywele, tusigombane, tusitie chumvi chunguni mpaka waume zetu warudi. Mama mkwe akachukua kifurushi chetu cha chumvi, ile wanayoipika wanawake wa kule kwenye mikoko, akakifunga kwa ukindu, fundo lake mwenyewe, akakitundika kwenye boriti juu ya meko. Tangu siku hiyo tunakula chapwa.

Chapwa asubuhi, chapwa jioni. Na hiyo chapwa yenyewe ya kubahatisha, maana askari walipopita walichoma ghala zote. Mtama tulio nao ni ule aliouzika mama mkwe ndani ya mtungi, nyuma ya nyumba.

Mwiko wenyewe si mchezo. Wanaorudi kutoka milimani wanasema dawa haina kasoro. Aliyepigwa risasi, basi kwao kuna mtu kavunja. Jirani yangu aliletewa habari ya mumewe juzi. Hata kilio hakijamtoka sawasawa, watu wameshaanza kuulizana alipika nini.

Basi leo nilikwenda kuni, Siwatu mgongoni. Nimerudi nimelowa jasho, nikakaa mlangoni, nikamzungusha mbele. Akaegemeza uso begani kwangu. Nikadhani anatafuta ziwa. Kumbe analamba! Akalamba bega, akalamba shingo, akapigapiga midomo, akarudi kulamba tena.

Nikacheka. Kisha kicheko kikakatika.

Nikatazama juu ya meko.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kisimani. Nilipindua kinu nikapanda juu yake. Fundo lilikuwa gumu, nikatumia meno. Nikasema bismillahi, ingawa sijui kama bismillahi ni ya kazi za namna ile. Nilimwona baba Siwatu waziwazi, amechuchumaa pale milimani, anaamini kwamba mkewe nyumbani anamlinda. Nikachota kwa haraka, nyingine ikamwagika chini. Zilizobaki kiganjani zilikuwa punje chache tu, nikazikorogea kwenye uji.

Nikamlambisha kwa kidole. Akakunja uso. Akatulia. Kisha, jamani, akafungua kinywa. Mwenyewe! Hakubanwa pua, hakuimbiwa. Nikamtia kingine akameza, nikichelewa anaushika mkono wangu anauvuta. Mwanangu anakula. Nililia huku namlisha, nikasema ewe mtoto wewe, siku zote hizi ulikuwa unadai chumvi tu?

Nikapanda tena kufunga. Lakini fundo la mtu ni la mtu, nililolifunga likawa langu.

Mama mkwe alirudi giza linaingia. Akamkuta Siwatu amelala, na ndani ya kibakuli umebaki uji kidogo. Mabaki ya mjukuu ni ya bibi, ndiyo desturi yetu. Akakikomba kwa kidole, akatia mdomoni, akasimama hapo hapo.

"Umetia nini humu?"

Giza likishaingia kitu kile, chumvi, hakitajwi kwa jina lake. Tangu nikiwa mdogo, nikitumwa kukiomba kwa jirani jioni, nilifundishwa namna ya kukisema. Na katika hofu ile yote ulimi ulifuata adabu.

"Dawa ya mboga, mama."

Nilipolisikia limeshanitoka. Dawa. Afadhali ningesema neno lingine, au ningenyamaza.

"Dawa," akasema polepole. Akainua macho kwenye boriti, akaliona fundo. Nikangoja anipige. Nilitaka anipige, ingekwisha. "Mwanangu naye alikunywa dawa. Nilimshikia kibuyu kwa mikono hii."

Akamtazama Siwatu pale mkekani, kitumbo kimejaa, mdomo una uji uliokauka.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema.

Sikujua anamsema mwanawe au mwanangu. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Kisha akakishusha kifurushi, akalifungua fundo langu bila taabu, akamimina kidogo ndani ya kifuu na kunisogezea. Kilichobaki akakifunga upya, fundo lake, akakitundika palepale. "Hiki cha mtoto. Yeye hakuapa kwa mtu. Wewe na mimi chapwa yetu ile ile." Akajilaza, akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nilitaka kumgusa. Sikumgusa.

Sasa naandika kwa mwanga wa kuni, yeye kalala au anajifanya, na mimi naogopa. Naogopa kuliko siku ile askari walipopita. Maana ikija habari mbaya kutoka Umatumbi, katika nyumba hii hakuna atakayehitaji kuuliza nani kavunja. Atajua yeye, nitajua mimi, na tutapika chungu kimoja tukitazamana mpaka mmoja wetu azikwe. Baba angeniambia ajali ya mtu, siku yake ya kufa, iko kwa Mungu, haiko chunguni. Natamani angekuwa hai aniambie mwenyewe, kwa sauti yake, maana nikijiambia mimi sisadiki.

Baba Siwatu, nakuombea kila sala urudi mzima. Wallahi nakuombea.

Lakini asubuhi mwanao ataamka na njaa, nami nitatia tena.