Kifuniko cha Kikapu cha Mbuya

Mama,

Nimekwenda Mbuya. Ndiyo, kwa Walao wako, wale wageni kutoka Laos. Miaka yote ile uliyowapikia na kumlea binti yao Noy, hukunipeleka hata siku moja, nikaja kwenda wewe ukiwa kaburini. Roho iliniuma tangu getini.

Vita vilipokwisha na wageni wakarudi Kampala, ukapata kazi kwao, nasi hapa Luzira tukaanza kuishi na adabu za nyumba tusiyoijua. Jioni unavua viatu huku unahadithia: kwao mgeni haelekezi nyayo kwa mtu. Hamgusi mtoto kichwani. Akipewa maji anaonja, hata kama hana kiu. Na akishachukua wali kikapuni anarudisha kifuniko, maana kukiacha wazi ni kuiitia nyumba mkosi. Ulikuwa unacheka ukisimulia. Mimi nilikuwa nanuna. Kwa nini kicheko chako kizuri kilikuwa cha kule?

Basi juzi mama yake Noy akaniita. Wana desturi ya kumfunga mfiwa uzi mweupe mkononi, wanaiita roho yake iliyotangatanga irudi. Nikavua viatu, nikaketi mkekani, miguu nimeikunja upande, maji nikaonja. Wakatazamana wakifurahi, eti nimefundwa. Nikasema moyoni, aliyenifunda ni mama yangu, si wenu!

Kikaletwa kikapu cha mwanzi, na wali wao ule wa kunata. Nikamega tonge, nikala. Kifuniko nikakiacha chini. Makusudi, Mama. Nilitaka wajue mimi si mtumishi wao.

Wazee wakakitazama kile kifuniko. Ni Noy, msichana mzima sasa, aliyenigeukia mkono kiunoni: "We! Funika chakula, nzi hawakualikwa!"

Banange! Sauti yako. Hiyo "we" unavyoivuta, na mkono huo huo kiunoni. Maneno uliyonipigia kelele mimi jikoni kwetu tangu utotoni, kabla hujawajua hao. Vyako vingine nilikubali kugawana. Lakini karipio lile nilidhani ni langu peke yangu. Nikaona wivu.

Nikafunika. Noy akaziba uso, akalia. Akaniambia ni yeye aliyekuwa akinionea wivu, tangu akiwa mdogo. Kila jioni ukivua aproni unasema, "Nakwenda kwa mtoto wangu," naye anang'ang'ania kanga yako pale getini, unambandua vidole kimoja kimoja.

Hilo hukunihadithia, Mama. Ungenihadithia hilo!

Uzi alinifunga yeye. Bado uko mkononi, umeshaingia masizi ya jikoni, na sitaukata.

Hitima yako ni Ijumaa, nimemwalika. Aliniuliza mgeni anafanyaje kwetu, nikamwambia aingie na salamu, anawe mikono, ale mpaka sisi turidhike. Nitamweka karibu yangu mkekani, maana najua ungeniamuru. Nakuahidi sitanuna. Haya, nitanuna kidogo.

Pumzika sasa, Mama, jioni imefika na kazi imekwisha. Lile kawa la kufunikia chakula ulilosuka, la ukingo mwekundu, nitalitoa siku hiyo. Noy aje, ale, alie akitaka. Ila kufunika, nitafunika mimi.