Kidude cha Kunasa Mtandao

Jumatatu, 9 Februari

Wameniita! Chuo cha ufundi kile. Mwalimu wa ushonaji, nafasi moja. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, kwa video. Barua inasema niwe kwenye kompyuta, si simu, maana kuna sehemu ya kuchora patani, ramani ya kukatia nguo, kwenye skrini huku wanatazama. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama, ya tano nikakaa.

Sasa. Kompyuta ninayo, hii ya mezani, niliinunua mkononi kwa mtu ili nichoree patani. Iko hapa uani kwenye chumba cha kushonea. Mtandao uko nyumba kubwa, sebuleni kwa mama mkwe. Mume wangu aliufunga kule ili akiwa safarini na lori lake amwone mama yake usoni. Na kompyuta yangu haina waifai. Ni ya zamani, imezaliwa kabla ya tamaa hizo.

Mama sijamwambia. Mwaka juzi nilipogusia kazi ya kuajiriwa aliuliza, "Na kwenye cherehani atakaa nani?" Halafu akaomba chumvi. Mpaka leo sijui lilikuwa swali au hukumu, na sina ubavu wa kuuliza.

Jumanne, 10 Februari

Nimekwenda kwa fundi kompyuta wa nyuma ya posta. Wote tunamwita Skrubu. Nimetoka na kidude: adapta ya waifai, ya kuchomeka kwenye tundu la USB, ina antena fupi kama kidole gumba. Anasema nichomeke tu, itajitambua yenyewe. Mafundi na hilo neno "tu"! Mimi pia huwaambia wateja napunguza kiuno tu.

Nimechomeka. Taa ya buluu ikawaka, kompyuta ikalia ting! Baada ya hapo kimya. Ndani ya boksi kuna kisidii chenye programu zake, lakini kompyuta yangu haina pa kuingizia sidii. Nimekijaribu kwenye kitambaa, kinafaa kuchorea duara la mfuko.

Mama kapita dirishani, akauliza hicho kinachowaka ni nini. Nikasema ni cha mambo ya patani. Uongo mdogo, ila umenitoka haraka mno.

Alhamisi, 12 Februari

Siku nzima na pembetatu ya njano. Kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, adapta yangu imewekewa kipembetatu chenye alama ya mshangao. Skrubu kaniambia kwa simu kwamba kinakosa draiva, yaani programu ya kukiendesha. Nikamwambia ninaye dereva mmoja tayari, nimeolewa naye, na hapatikani vilevile.

Nifanye hivi, kasema: nipakue draiva kwa simu, nichomeke simu kwenye kompyuta kwa waya, nihamishe faili. Sawa. Nimepakua, nimehamisha, nimebonyeza. Imegoma. Nikapakua tena. Imegoma tena! Kumbe nilichukua ya namba nyingine. Namba sahihi imeandikwa ubavuni mwa kidude, vijiherufi vya sisimizi. Nimeisoma kwa lenzi yangu ya kutungia uzi. Ni kweli, nilisoma tano nikaandika sita.

Cherehani haijalia leo. Ni mara yangu ya kwanza tangu homa ile ya mwaka jana. Mama kaja mlangoni kuuliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 13 Februari

Imekubali!!

Draiva sahihi, nikazima, nikawasha upya, pembetatu imeyeyuka. Pale chini kulia pametokea alama ya mtandao, nikabonyeza, orodha ikafunguka, na jina letu hilo hapo: SIMBA WA LAMI. Ndivyo mume wangu alivyoandika kwenye bampa ya lori, ndivyo alivyouita mtandao. Nilipiga vigelegele peke yangu, kisha nikajifanya nakohoa.

Inataka neno la siri. Liko kwenye karatasi chini ya ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, sebuleni kwa Mama. Nikaenda na kisingizio cha kuchukua jagi.

Ruta yenyewe iko juu ya kabati la vyombo, imevaa kifuniko nilichomshonea Mama mwezi uliopita. Najisifu kidogo, maana hapa hanisomi mtu: maua ya zambarau, pindo la buluu, vifungo viwili kwa nyuma kwa ajili ya waya. Mama anawaonyesha wageni wote. "Mkwe wangu huyo," anasema, "kwa mikono yake." Miaka kumi na saba nimemshonea magauni na hajawahi kunisifia hata kishikizo. Kifuniko cha ruta ndicho kimemteka. Nilipotaka kukivua nisome karatasi akanizuia, vumbi litaingia. Basi nimeinua pindo, nikachungulia chini kama fundi gari, nikasoma.

Nimeunganisha! Mstari mmoja tu kati ya minne. Lakini mtandao ni mtandao.

Jumapili, 15 Februari

Mstari mmoja si mtandao. Ukurasa wa chuo umechukua muda wa mimi kupiga pasi mashati mawili.

Nimehamisha adapta tundu la nyuma, la mbele, la juu. Nimeichomeka kwenye waya mrefu wa USB nikaining'iniza dirishani kwa uzi wa kudarizi. Mistari miwili! Nikavuta pumzi — ukarudi mmoja. Skrubu anauliza kama kati yangu na ruta kuna bati, tanki la maji au jokofu. Hakuna. Ni ua, kamba ya nguo, dirisha la Mama, na hatua zangu kumi na nne. Anasema haingii akilini, kidude hicho kinavuka barabara.

Mume wangu kapiga kwa video jioni, kwa simu ya Mama. Sura imeganda, sauti inakatikakatika, kama mwezi mzima huu. Mama anamhurumia, anasema mwanangu sasa wanampeleka porini mno. Yeye anasema yuko katikati ya mji, anakula.

Nimefanya mazoezi ya usaili. Nimejikalisha mbele ya kompyuta, nimefunga dirisha, nikasema kwa sauti: "Waheshimiwa, mimi najuajua kushona, nimejaribujaribu miaka kadhaa." Nikainamisha kichwa kwa adabu, na hakuna mtu!

Jumatatu, 16 Februari

Aibu. Katibu wa chuo alitaka tujaribu mitambo, dakika tano. Kaniona kwa sekunde sita, halafu nikaganda nikiwa nimefumba jicho moja na mdomo wazi. Alinipigia simu ya kawaida. Mpole, lakini kanyoosha maneno: Alhamisi nikipotea hewani hawatanisubiri, wanamwita anayefuata. Waliobaki kwenye orodha ni sita.

Nimelia kidogo, ndani ya gauni la mteja. Nimelipiga pasi tena.

Naitaka kazi hii. Nimeandika sasa, haifutiki. Nataka kusimama mbele ya watu na kusema mshono huu unakaa hivi kwa sababu hii, na waandike.

Jumanne, 17 Februari

Kichwa changu kimejaa pamba. Naandika polepole ili iniingie.

Leo nimemalizia mifuko ya chakula ya wanafunzi, ile oda ya ishirini. Nje kitambaa cha maua, ndani bitana ya foili, inang'aa kama sufuria mpya, inashika joto. Nilikuwa nasikiliza redio kwa simu, kwa waifai, nimekaa kibarazani kwa Mama. Nikataka kuhamia uani, mikono imejaa, nikatupia simu ndani ya mfuko mmoja, nikavuta zipu.

Redio ikakata.

Nikafungua zipu. Redio ikarudi. Nikafunga — kimya. Nikafungua. Nimefanya hivyo mara tano, nimesimama uani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Foili haipitishi!

Halafu nikageuka nikatazama dirisha la Mama. Kabati la vyombo. Maua ya zambarau. Nikakumbuka masalio ya bitana niliyokuwa nayo mwezi uliopita, na jinsi nilivyojiona mjanja, nisitupe, niyatie ndani ya kifuniko ili joto na vumbi visiiguse ruta.

Mimi mwenyewe! Nimeuvalisha mtandao koti la bati, nikautilia vifungo, kisha wiki nzima namlaumu Skrubu. Na mume wangu masikini, hakuwa porini hata siku moja.

Jumatano, 18 Februari

Rahisi, si ndiyo? Kamwambie Mama akivue. Lakini nikimwambia ataniuliza kwa nini, na kwa nini yangu ni kesho saa nne. Na ndicho kitu pekee alichowahi kunisifia.

Asubuhi alipoingia kuoga nimekivua haraka, nikakimbilia uani. Mistari minne! Ukurasa wa chuo umefunguka kabla sijakaa. Nikarudi mbio kukirudisha, lakini Mama ameshatoka, ana taulo kichwani, na simu yake inalia. Mume wangu. Picha safi kabisa, mpaka pengo lake la juu tumeliona. Mama alifurahi, akamwambia leo umenawa uso. Huku anaongea, mkono wake ukachukua kifuniko, akairudishia ruta nguo yake, akafunga kifungo cha kwanza, cha pili. Picha ikaganda. Mama akaitazama simu. Akakitazama kifuniko. Nami nikajifanya natafuta jagi.

Mchana nikajikaza kisabuni, nikaomba nikifue. Alikifua wiki iliyopita, kasema. Nikasema basi nikiongezee darizi. Hakina upungufu, kasema.

Kesho hiyo.

Alhamisi, 19 Februari

Saa tatu na nusu. Nimeoga, nimevaa blauzi ya kola niliyoishona mwenyewe. Adapta inaning'inia dirishani. Mistari miwili, mara mmoja, mara miwili. Nimeshindwa kwenda kuomba. Mara mbili nimefika mpaka kwenye kamba ya nguo, nikarudi.

Saa tatu na dakika arobaini. Nimeingia kwenye ukurasa wao. Umeandika: subiri, utakaribishwa. Naandika hapa ili nisiitazame ile alama.

Saa tatu na dakika hamsini. Mama kaja! Hajabisha hodi. Kifuniko mkononi, kimegeuzwa, bitana nje, inamulika dari yote.

"Jana nimemwona mwanangu hadi pengo," akasema. "Nikafunga hiki, akapotea. Mimi ni mzee, si jiwe."

Nikaanza kujieleza, maneno yakagongana. Akanyanyua mkono. Kumbe ukuta huu wa mbao hauzuii kitu. Tangu Jumapili ananisikia nikiwaamkia waheshimiwa. Nikamwomba radhi kwa kumficha. Nikauliza, kwa sauti ndogo sana, kuhusu cherehani, nani atakaa.

"Mwaka juzi nilikuuliza, ukanipa chumvi," akasema. "Nilikuwa nasubiri unijibu. Mimi nilitaka kukaa mimi."

Sikujua anajua kushona. Miaka kumi na saba!

Akavuta kola yangu ikakaa sawa. Alipofika mlangoni akageuka. "Na usiwaambie unajuajua. Waambie unajua."

Dakika tano zimebaki. Namwona kwa dirisha, amejiwekea kiti katikati ya mlango wa sebule ili asiingie mtu kugusa ruta. Jua linampiga usoni. Kifuniko amekivaa kichwani, vifungo kwa nyuma, maua nje.

Mistari minne. Sithubutu kupumua. Minne bado.

Skrini imebadilika. Wako watatu. Wa katikati ana miwani, anauliza kama nawasikia. Nawasikia! Anasema tuanze na swali jepesi, je, mama, kushona unajua? Kalamu chini. Najua!