Mishono Inayolalia Kushoto

Kitzingen, 14 Novemba

Ndugu yangu Veit,

Salamu nyingi zikufikie huko Bremen, wewe na Irmgard na wanao. Natumaini kifua chako kinauvumilia upepo wa huko, na kwamba mama yako Kunigunde bado anakula vizuri na kukugombeza ukiingia ndani na viatu. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sikielewi tangu Jumapili. Najua hukuutarajia mwandiko huu baada ya miaka tisa ya kununiana, na ukitaka kuichana barua hapa hapa una haki. Nakuomba tu usiichane kwanza, maana habari yenyewe ni ya kofia ya babu yake mama yako.

Baba yangu amekubali hatimaye kuhamia nyumba ya wazee. Ana miaka themanini na saba, mikono inatetemeka, lakini mdomo uko vile vile unavyoujua. Jumamosi nilikwenda kuifunga ile karakana yake ya ngozi. Nyuma ya rafu ya kalibu za viatu nikakuta sanduku. Nikalifungua, na ndani yake mna kofia ya mwiba, zile za ngozi za askari wa mfalme, imeshonwa nusu. Mwiba wake wa shaba umezungushiwa gazeti la mwaka 1971. Ngozi haijatiwa rangi nyeusi bado. Mshono wa nyuma umeishia katikati, na sindano mbili zinaning'inia. Nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mishono yote imelalia kushoto. Jamani, Veit, nikaenda kuchukua lenzi nikautazama tena.

Huhitaji kuelezwa maana yake. Ukurasa wa arobaini wa kijitabu changu cha kutambua kofia hizi, ule ambao wakusanyaji wanaukariri kama sala, mimi ndiye niliyeandika kwamba kofia halisi za karakana ya zamani ya Würzburg hutambulika kwa mshono wa nyuma unaolalia kushoto, na unaolalia kulia ni wa bandia. Nilifika hapo kwa kuchunguza kofia kumi na nne, moja moja, kwa lenzi. Wafanyabiashara wamepanga bei zao kwa ukurasa huo. Watu wameuza mashamba ya zabibu wakanunua kofia kwa neno langu.

Jumapili nikampelekea baba keki ya plamu, na hiyo kofia nikaiweka pembeni ya kahawa yake. Aliitazama, akacheka mpaka meno yakataka kutoka. Nikamwuliza ni nini hii. Akasema, "We mtoto, ulidhani nilikulisha kwa kushona mikanda ya mbwa?" Akanieleza bila hata kupepesa macho. Alianza kwa kuwashonea watu wa michezo ya jukwaani, kofia za kuigizia. Baadaye wakaja wanunuzi kutoka Munich, wakazichukua bila kuuliza maswali, naye hakuwapa majibu. Zilifika thelathini hivi. Na mishono je? Akainua ule mkono wake anaoshikia kijiko na sindano. Wa kushoto, Veit! Nimekula meza moja na mtu huyu maisha yangu yote, nami sikuwahi kuunganisha mambo mawili.

Nikamfokea. Nikamwuliza kwa nini hakusema nilipomletea kijitabu kikiwa bado kinanukia wino. Akaacha kucheka. Akasema, "Ulikuwa na furaha mno, Eckart. Ulinisomea kwa sauti, umesimama. Ningeanzia wapi?" Halafu akaniomba nimsogezee sukari. Nikamsogezea. Ile kofia ya kabatini kwangu, ninayoifungulia wageni kwa ufunguo, ni ya kwake pia, kama zile kumi na nne nilizochunguza. Nimemsifu fundi wa Würzburg miaka ishirini, kumbe fundi mwenyewe yupo hapa ananidai sukari.

Sasa nakuja kwako. Siku ile miaka tisa iliyopita, pale baa ya Mwanakondoo tunapokutana wakusanyaji, baada ya misa, bilauri ziliondolewa mezani kama kawaida yetu na kofia yako ikazungushwa. Ulisimulia jinsi Mzee Kilian Pfister, jeshi lilipoleta kofia za chuma wakati wa Vita vya Kwanza na kutaka za ngozi zirudishwe, alivyoificha ya kwake chini ya koti akaja nayo likizo. Wenzetu wakakutania. Mmoja akasema, "Mwaka huu kila kofia inayoletwa hapa iliibwa na askari, mpaka mfalme amebaki kichwa wazi!" Ukacheka nao. Ulikuwa na uhakika. Neno la mwisho likabaki langu, nami nikaipindua kofia yako juu chini mezani, yaani ni ya bandia, na kofia ikishapinduliwa pale hakuna anayesema tena. Mama yako alikuwa amekuja na wewe, amevaa vizuri. Akaniuliza, "Kwa hiyo babu yangu alinidanganya?" Nikamjibu kwamba kofia hazisemi uongo, Mama, wanaosema uongo ni watu. Naikumbuka sauti yangu. Niliona nimesema jambo la maana.

Veit, kama ningekuwa nimekosea tu, barua hii ingekuwa rahisi. Kabla ya kuipindua niliipeleka dirishani, unakumbuka, nikawapa mgongo. Pale mtu mwingine asiyekuwa mimi mwamuzi haruhusiwi kugusa bitana ya ndani isije ikapasuka, na kwenu mama alikataza hata isiguswe kwa vidole. Mimi nikaiinua. Chini yake palikuwa na muhuri wa kikosi, na jina kwa penseli, kwa ule mwandiko wa zamani, limefifia kama linavyofifia baada ya miaka mia: K. Pfister. Nililisoma. Nikaangalia mshono, umelalia kulia. Kama kofia yako ni ya kweli, basi ukurasa wangu ni wa uongo. Nikairudisha bitana taratibu, nikageuka, nikakuaibisha wewe na mama yako mbele ya watu. Mungu wangu, nimejua miaka tisa. Nilichokuwa sijui ni kwa nini tu ukurasa wangu ulikosea.

Jumapili ya kwanza ya Desemba nitakwenda Mwanakondoo na kofia ya kabatini, niipindue mimi mwenyewe, nisome nakala ya barua hii. Kijitabu nimeshaagiza kiondolewe madukani. Sikuombi unisamehe. Naomba uinue bitana mbele ya mama yako, polepole, umwonyeshe jina.

Na kwa kuwa masikio yake ni mazito, msomee kwa sauti ya juu: kofia haikudanganya, Mama, wala babu yako hakudanganya. Aliyedanganya ni Eckart, mtoto wa Alois, uliyekuwa ukimkatia keki jikoni kwako.

Msalimie Irmgard. Baba naye anakusalimu, amesema niandike hivyo.

Ni mimi,
Eckart Hümmer