Miezi ya Mushtari na Mwezi wa Idi

Jumatano, 22 Novemba 1905

Bwana Krause, mwalimu mkuu Mdachi, kanipa kazi mpya. Niwajulishe watoto habari za Mtaliana mmoja, Galilei — eti karibu miaka mia tatu iliyopita aliielekezea darubini nyota Mushtari, akakuta ina miezi yake minne inaizunguka. Bara kunaungua kwa vita, watu wa Mtama wanachimba mizizi wale, na mimi, mwalimu msaidizi, nifundishe miezi ya wenyewe! Huu wetu mmoja tu tunaugombania kila Ramadhani. Nikajibu, Ndiyo, Bwana. Mdomo wangu mwepesi kweli.

Alhamisi, 23 Novemba

Baada ya futari nimewakusanya watoto uani mwa shule. Krause kaitega darubini, kapunga mbu kwa kofia, karudi zake kwenye bia. Wengi hawakuona kitu. Wakasema wameona, wapate kwenda kulala. Mfaume wa Likwata peke yake kahesabu vitone vitatu, kasema cha nne kimejificha. Nikawaeleza kwamba Galilei kila usiku alichora alichokiona, hata wakubwa walipomkasirikia. Mfaume kauliza: huko Mushtari wanafunga kwa mwezi upi? Nikamwambia achungulie tena. Mwalimu mzima!

Sheikh Tawakali kapita, katema mate: jicho la shetani hilo. Na yeye Kurani anaisomea miwani ya Ulaya.

Jumamosi, 25 Novemba

Wamemleta Likwata, baba yake Mfaume, kutoka Rutamba, kamba shingoni. Kosa lake? Kakutwa na kichupa cha maji ya dawa. Kichupa! Mkuu wa askari kamhukumu kabla sigara haijamwishia mkononi. Kunyongwa, Jumanne asubuhi. Jumatano jeshi linaondoka, na wafungwa watakaosalia watapelekwa Lindi kwa meli, wakatumikie minyororo.

Jioni nimesema na askari mmoja Msudani. Wao siku ya Idi hawamnyongi mtu, na mkuu kawakubalia. Basi mwezi ukionekana Jumatatu, Jumanne ni Idi, na Likwata anaponea minyororo. Usipoonekana, tunafunga siku ya thelathini na yeye ananyongwa. Ndiyo serikali yetu hiyo.

Krause kaniuliza kama watoto wameipenda miezi. Sana, Bwana.

Jumapili, 26 Novemba

Mfaume kaja. Hakulia. Kaomba nimfundishe kuielekeza darubini magharibi. Nimemfundisha.

Jumatatu, 27 Novemba

Leo mfungo wa ishirini na tisa. Magharibi yote mawingu. Jua lilipozama Mfaume hakubanduka kwenye darubini, mara kaniita: "Mwalimu, ule pale! Mwembamba." Nikaweka jicho. Nikalikaza mpaka likatoa machozi.

Msikitini Sheikh kasema mtoto hashuhudii, Idi inataka watu wazima wawili. Mzee Abdala kasimama: yeye kauona. Abdala! Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, juzi kampa salamu mbuzi wangu. Hakucheka mtu. Sheikh kampokea bila hata kumuuliza alisimama wapi, kisha kanigeukia mimi. Na lile jicho la shetani? Limekuwa halali. Hata kwa kioo inafaa, kasema, mradi mtu aape.

"Mwalimu Kibwana, wewe ulikuwa na mtoto. Uliona nini?"

Wote wanafiki watupu, kila mmoja anautaka uongo na kila mmoja anataka auseme mwingine. Na mimi ninayewacheka, najihesabia hasara. Nikiapa na Krause akajua, sina shule, labda sina shingo. Mfaume kasimama mlangoni, ananitazama tu. Nikaomba nije nyumbani nitie udhu kwanza, ndipo niape.

Nimekwisha tia udhu. Wanapiga hodi, hii ya pili. Humu hasomi mtu, basi naandika: nimeona wingu. Wingu tupu, Mungu wangu. Sasa natafuta kanzu ya kuapia