Chupa za mwalimu wetu

Mwenzangu, nina hasira kweli.

Nimepita shuleni kuchukua cheti changu cha masomo ya jioni. Nakuta mkuu mpya anatupa pipani chupa za marehemu mwalimu wetu wa sayansi. Zile alizohifadhia majaribio yetu yaliyoharibika.

Nikamwambia, "Mkuu, hizo ndizo alizofundishia miaka yote."

Akanijibu, "Mama, huu ni uchafu. Hakuna hata jaribio moja lililofaulu humu."

Uchafu. Eti uchafu.

Nikazamisha mkono pipani, mtoto mgongoni. Nikaipata yangu. Unakumbuka nilivyounguza sukari huku nanyonyesha, darasa zima likanicheka? Karatasi aliyoibandika mwalimu bado ipo, mwandiko wake uleule: "Ameunguza. Ameuliza kwa nini. Huyu atafundisha."

Na hakuwahi kuniambia, mwenzangu. Hata siku moja.

Mkuu akasema, "Basi chukua zote. Masomo ya jioni yamekwisha, chumba kinakuwa stoo."

Nimebeba kumi na tisa, na yako imo. Jumatatu jioni darasa liko sebuleni kwangu. Njoo na kiti, vyangu ni viwili tu.