Nilivyofumua Matuta ya Mama Edina

Jumanne, mwanzoni mwa Aprili. Kizwite.

Upepo umevuma tangu alfajiri na mvua imenyesha kwa kukatakata. Nimevaa masweta mawili na bado mikono inauma, ila si kwa baridi. Ni jembe.

Nianze na aibu kubwa, ndogo zitafuata.

Nilipopata kazi ya maabara kwenye zahanati moja binafsi hapa Sumbawanga, nilisimama kanisani kwetu Mbeya nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu amenifungulia mlango, tena kwa sauti, na akina mama wakapiga vigelegele na kunisindikiza mpaka stendi. Mwezi wangu wa tatu kazini zahanati ikafungwa. Mwenye nayo alitukusanya asubuhi, akatuomba radhi, akafunga geti. Tangu hapo nimezunguka na vyeti vyangu mpaka Laela, na kila mahali naambiwa acha namba, tutakupigia.

Watu wa nyumbani wanadhani nimebaki huku kwa imani. Hapana. Nimebaki kwa aibu. Ningerudi na uso gani mbele ya wale akina mama?

Aliyenibeba ni mwenye nyumba wangu, Mama Edina, mjane wa Kifipa, Mkatoliki asiyekosa misa ya asubuhi. Mimi ni mlokole, na siku za mwanzo nilikuwa namwombea aokoke. Yeye alikuwa ananiwekea ugali wa ulezi mezani. Wiki mbili zilizopita alikwenda Chala kumhudumia binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alinionyesha shamba la nyuma ya nyumba, akaniambia nipande maharage nipate mboga.

Nikaingia. Nikakuta matuta ya mviringo, kila moja linafika magotini, yametapakaa shamba zima. Nikachimba moja nikakuta majani matupu ndani. Nikajiambia, masikini, mama wa watu amezeeka, shamba limemshinda, takataka zimerundikwa zikafunikwa udongo. Ngoja nimlipe fadhila. Siku nne nilifumua moja baada ya jingine, nikatupa majani pembeni, nikasawazisha ardhi kama uwanja wa mpira ili nipande kwa mistari kama kwetu, huku naimba mapambio.

Matuta arobaini na matatu.

Jumamosi mzee jirani akasimama mpakani, mikono kiunoni. "Binti, nani kafumua ntumba za mama wa watu?" Nikasema ni mimi, nikisubiri pongezi. Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. Ntumba ni hayo matuta, na ndiyo mbolea yao. Majani yanafukiwa mvua zikiwa bado zipo, yanaoza humo miezi kadhaa, na mvua mpya zikianza mwishoni mwa mwaka udongo ule unatawanywa na kupandwa ulezi na mahindi. Maharage yenyewe hupandwa juu ya hayo matuta. Nilikuwa nimefukua chakula cha mwakani cha mwanamke anayenilisha.

Kusema kweli, nilitaka kukimbia. Nikampigia kaka yangu Mbeya kwamba narudi, nikaweka nafasi kwenye basi la kesho Jumatano. Mama Edina alikuwa arudi Alhamisi. Jana nikafunga begi. Nikaomba pia, na sala yenyewe naiandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: Bwana, nitoe hapa kabla hajarudi.

Bwana akamrudisha leo, saa nne asubuhi.

Nilitoka hata viatu sijavaa, nikapiga magoti kwenye tope, nikamwamkia shikamoo na kosa langu lote nikalitoa kabla hajatua mzigo wake. Akaelekea nyuma ya nyumba, mimi namfuata. Alisimama akiuangalia ule uwanja wangu wa mpira, nami nikaanza kulia.

"Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

"Nilidhani ni takataka, mama."

Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akakasirika palepale. Nikaambiwa Wanyakyusa tuna haraka, na kwamba mtoto wa miaka sita wa hapa hawezi kufanya nilichofanya. Nilistahili. Kisha akainama, akaokota majani, akayanusa. "Hayajaoza. Mvua ikitupa wiki mbili yatashika. Ikikata kabla hatujamaliza, mwakani tutakula nini?" Alipogeuka akaliona begi mlangoni. Akaliangalia, akaniangalia.

"Kalete jembe, mwanangu."

Tumerudishia saba. Unapanga majani duara, unayafunika kwa udongo, nyasi zote ziende chini. Mimi nilikuwa kila mara nataka kufunua niangalie kama nimepanga vizuri, naye ananipiga mkono. Hakunihubiria hata neno moja. Ila nikiwa nimeinama pale nimeona jinsi nilivyomsimamia Mungu mwaka huu wote, nikidai anionyeshe anafanya nini. Zahanati ilipofungwa nilisema ameniacha. Sasa naandika kwamba sijui anafanya nini, na sitetemeki. Hiyo ndiyo imani niliyonayo leo. Ni ndogo kuliko ile ya vigelegele, lakini hii imeshika jembe.

Jioni nimempigia kaka, nikamwambia sipandi basi.

"Umepata kazi?"

"Bado. Nina matuta thelathini na sita ya kurudishia."

Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu asiyeelewa. Simlaumu.

Begi nimelifungua, nguo zimerudi kwenye msumari. Vyeti nitaendelea kuvipeleka kila Ijumaa. Na siku nikirudi Mbeya nitasimama tena mbele ya akina mama wale, niwaambie na hili la matuta, wacheke wanavyotaka.

Kesho asubuhi sitaomba kutolewa hapa. Nitaomba wiki mbili za mvua.