Mtungi Niliopakata Kutoka Jodhpur

Kangle, Guangzhou
Tarehe 24 Juni

Dada yangu mpendwa Clementina,

Shikamoo dada. Naileta shikamoo hii kwa mikono miwili, kutoka mbali kiasi kwamba nyinyi mkiamka sisi tunapakua chakula cha mchana. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya macho unaitia, au unaitazama tu pale dirishani? Mbuzi mweusi ameshazaa? Na wewe Thadeo, unayemsomea mama yako hapo kibarazani, marahaba mwanangu, najua umeniamkia kabla hujaifungua bahasha. Sisi wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi.

Anayeandika ni mjukuu wangu Dainess, kwa kuwa mimi na kalamu hatujawahi kutambulishwa. Nimemwapiza aandike ninavyosema, asininyooshe. Ningeweza kutuma sauti kwa simu, lakini ingekukuta sokoni katikati ya wambea, na tungepigiana simu, nikisikia unavuta pumzi, ningeghairi. Maana barua hii ina neno nililolibeba miaka thelathini na minane, dada, na ni neno la kutufanya tusizikane. Nitalifikia. Thadeo asiruke mstari. Kwanza nikueleze nilikopita, ulimi unaniwasha.

Ulijua nakuja huku China kumwona Dainess akivishwa joho, maana amemaliza masomo yake ya mambo ya maji. Hukujua kwamba nimepitia India. Tiketi ya bei rahisi ilipita Mumbai, na Dainess, ambaye miaka minne amesoma habari za miji ya jangwani inayoishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa, akasema atanifuata pale tuzunguke siku kumi. Nikamuuliza tutalala wapi, akasema popote penye bei ya chini. Nikamuuliza nibebe nini, akasema begi moja la mgongoni, basi. Mwanamke wa miaka sitini na tisa na begi mgongoni kama askari. Nilijitazama kwenye kioo cha uwanja wa ndege nikajipenda.

Sasa joto. Dada, mimi na wewe tumezaliwa Manyoni, tunajidai tunalijua jua. Hatulijui. Jua letu ni jirani, la Jodhpur, mji wa jangwani tulikoanzia, ni mgambo. Dainess alinisomea kwenye simu kwamba ni digrii arobaini na saba, kisha simu yenyewe ikazima kwa kuungua. Treni tulipanda daraja la chini kabisa, madirisha wazi, upepo unaingia kama mtu kafungua tanuri la mikate. Nililowesha kanga kwenye bomba la stesheni nikajitanda, na kabla treni haijapiga honi ya kuondoka ilikuwa kavu kama imetoka kupigwa pasi.

Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akanitia kitunguu kibichi mfukoni. Dainess akamuuliza kwa Kiingereza, tukaambiwa ndiyo kinga ya upepo wa moto, hakuna mtu wa kule anayesafiri bila kitunguu. Dainess akasema kisayansi hakifanyi kitu. Nikamwambia mimi sayansi siijui, kitunguu nakijua. Tulipofika, asiye na kitunguu ndiye aliyetapika.

Siku ya pili, saa saba mchana, tulikuwa tunatoka soko la mnara wa saa. Pembeni ya barabara kulikuwa na kibanda cha nyasi, ndani mitungi sita ya udongo imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, na bibi wa rika langu, bangili mpaka kwenye kiwiko, ameshika kata yenye mdomo mrefu. Nikainyakua ile kata niipeleke kinywani. Akanichapa kofi la mkono. Dada, kofi lilelile la mama. Akanionyesha nikinge viganja, niinamie, ninywee humo, mdomo usiguse chombo cha watu. Akamimina mpaka nikatikisa kichwa, na yaliyobaki akanimwagia utosini. Nilipotoa noti aliikunja akanirudishia, akanikemea kwa lugha yake. Sikuelewa hata neno moja na niliyaelewa yote. Mpita njia halipii maji.

Si mama huyo? Si ndivyo alivyokuwa akisema kwenye njia ya mnadani, mtungi wake chini ya kivuli cha nyasi na kata yake ya kibuyu? Nilikaa kwenye vumbi nikalia. Dainess akadhani nimepigwa na jua, akawa ananipepea kwa ramani.

Nilipoinuka nikamwambia hatuondoki mji huu bila mtungi. Kwa mfinyanzi imepangwa barabarani kama maboga, mia na zaidi, na mmoja ni bei ya soda mbili. Soda mbili, dada. Nilisimama nimeushika, aibu ikanipanda kuliko lile joto.

Dainess akanikumbusha kwamba makubaliano yetu ni begi moja. Nikatoa gauni mbili na viatu vya kanisani nikampa mwanamke wa nyumba ya wageni, begi likabaki moja na mapaja yakabaki na nafasi. Nikaupakata mpaka Jaisalmer, kwenye basi ambalo viti vyake vilichoma kama kikaango. Ule mji una ngome ya mawe ya rangi ya asali, na watu wanaishi humo ndani na ng'ombe wao. Tulilala darini juu kwenye vitanda vya kamba kama kile cha marehemu baba, kwa bei ya sahani ya chipsi. Mchana tunajificha kama popo, tunakunywa mtindi uliopigwa maji na chumvi, alfajiri tunatoka. Dainess alikuwa anapima mabwawa ya kale, mimi nikimshikia kamba. Kila nilipokaa, mtungi mapajani. Watoto walinifuata wakidhani nauza maji. Uwanja wa ndege ofisa alitia mkono ndani akatoa kitunguu kilichonyauka. Akanitazama, nikamtazama. Akachukua kitunguu, mtungi akaniachia.

Hapa Kangle tumepanga chumba juu ya karakana ya mafundi cherehani. Joto la huku ni la majimaji, unavaa nguo kavu unavua mbichi, na katika joto hilo watu wanakunywa maji ya moto. Mwenye nyumba wetu, mama mmoja ambaye kila mtu anamwita laoban, yaani bosi, alinifokea kwamba maji ya baridi yataniharibu tumbo. Lakini Dainess anayachemsha kwanza, yanapoa mtungini, na nimeuweka mlangoni, kichochoroni. Mafundi wanakinga viganja. Nimewafundisha kwa kofi. Juzi laoban mwenyewe alishuka akakinga. Leo amekuja na dada yake.

Lucas wa Singida, anayefuata jinzi soko la Shahe hapa mjini, ndiye atakayewaletea barua hii. Alitaka kuubeba na mtungi. Nimekataa. Huu nitaupakata mwenyewe mpaka mwisho.

Sasa nimefika penyewe, na nimekunywa maji. Thadeo, mwanangu, usishushe sauti. Soma kama ulivyokuwa unasoma, mama yako asikie kila neno.

Mtungi wa bibi yako hukuuvunja wewe. Niliuvunja mimi.

Mama alipoanza kuugua alisema mtungi utabaki kwa Clementina, kwa kuwa Clementina ndiye mwenye subira ya kuujaza kila asubuhi. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikaja mchana mmoja nikijua dada yuko shambani, nikamwaga maji, nikauweka kichwani niupeleke kwangu. Hatua ya kumi niliteleza kwenye tope la maji niliyoyamwaga mwenyewe. Wewe ulikuwa ng'ambo ya njia na mbuzi, manati shingoni. Dada alipotokea akaniuliza ni nani, sikutamka uongo. Niliyatazama yale manati, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Ilitosha. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukachapwa, na mama akafa baada ya miezi miwili akikuita Kigae, na kijiji kikalidaka jina. Wanao ni watoto wa Kigae. Duka lako ni kwa Kigae. Hata mimi nimekuita Kigae, ukinipokea mizigo stendi, ukiitika kwa heshima. Uliapa mara moja tu, jioni ile, hukurudia tena. Sijui kama uliniona nikianguka. Nimeogopa kukuuliza mpaka leo.

Kwa chombo cha soda mbili.

Dada, ulimchapa mtoto kwa jicho langu. Dhambi hiyo ni yangu yote, usijikatie kipande. Ukitaka kunilaani, nilaani nikiwa mbele yako, maana nakuja. Dainess ameacha kuandika mara mbili hapa, nimempa maji, ameendelea.

Nitashuka Manyoni wiki ya pili ya Julai. Jumapili, misa ikiisha, nitasimama mlangoni pa kanisa niyaseme haya haya kwa mdomo wangu, na kila atakayetoka atayasikia. Mtungi siuleti kwako, dada, uniwie radhi. Ni wa Thadeo. Mwanangu, uweke njiani, ufungie ndani, ufugie kuku, ni wewe. Na ukitaka kuuvunja, uvunje mbele yangu. Angalau jina utakuwa umelifanyia kazi.

Nisalimie mkeo Goodness, mwambie mkwewe mkorofi anamkumbuka yeye na ugali wake wa uwele. Nisalimie wajukuu, na mbuzi mweusi pia. Mkae na Mungu, na mnibakizie nafasi ya kukaa. Chini hapa nimegandamiza kidole gumba kwa wino, ili mtu asije akasema mtoto kayatunga.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina,
Kigae mwenyewe.